Rauta Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumamosi moja asubuhi mke wangu alinituma Rusinga nikamtengenezee kaka yake mashine ya gemu. Yeye alikuwa na semina ya walimu mjini Migori, hakuweza kwenda. "Si wewe ndiye fundi?" akaniambia. Mimi nauza redio, chaja na nyaya za umeme Isebania. Naweza kukuambia redio ipi itadumu na ipi itakufa kabla ya Krismasi, lakini ufundi sina. Ukweni hawajawahi kuliamini hilo.

Shemeji yangu alikuwa amevunjika mguu chini ya goti, bodaboda iliyombeba ilipoteleza kwenye matope karibu na Mbita. Tangu atoke hospitali alishinda na kulala kwenye kochi sebuleni kwa mama yake, plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Ni mwalimu wa hesabu, mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa na kusikika hadi barabarani. Sasa furaha yake ilikuwa moja tu: mpira wa kwenye mashine, aliocheza kila Jumamosi alasiri na wenzake wa chuo, mmoja akiwa Nairobi, mwingine Kitale, mwingine Mombasa. Walivaa hedifoni, wakatukanana, wakacheka. Wiki hiyo mashine ilikataa kushika waifai.

Nilifika na sukari, mkate na nyama, kama mkwe anavyopaswa kufika. Mama alinisalimu akiwa mbali kidogo, macho pembeni, nami nikafanya vivyo hivyo. Mke wangu ni Mluo, mimi Mkuria, kwa hiyo ukweni tunaongea Kiswahili, na Kiswahili cha mama ni cha sokoni na cha kanisani. Tulikunywa chai. Kisha shemeji akanikabidhi padi ya kuchezea.

Niliandika pasiwadi upya, pole pole, herufi kwa herufi. Mashine ikafikiri, ikasema haiwezi kuunganishwa. Nikaandika tena. Nikajaribu simu yangu, nayo ikakataa, nikadhani nimekosea herufi. Simu ya shemeji ilikuwa inafanya kazi vizuri.

"Basi shida iko kwa mashine," nikasema.

"Au kwa rauta," akasema shemeji. "Iangalie."

Rauta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ilikuwa chumbani kwa mama. Waya wa antena ulishukia upande ule wa paa, ukapigiliwa misumari ukutani, na mama mwenyewe alitaka kitu cha thamani kikae karibu na kitanda chake. Na mkwe haingii chumba anacholala maro, ndivyo Waluo wanavyomwita mama mkwe. Kwetu Ukuria pia ni hivyo hivyo. Hakuna aliyenikumbusha. Mama akainuka, akaingia yeye.

"Mama," nikaita kutoka sebuleni, macho yangu kwenye kalenda ya kanisa ukutani, "kuna taa zinawaka?"

"Ya nyumba?"

"Hapana, za hicho kisanduku."

"Ziko. Ingine inakonyeza."

"Ni rangi gani?"

"Kijani. Ama ni bluu. Iko kama sukuma wiki."

Nilimwomba aizime na kuiwasha tena. Nikasikia kiti kikivutwa, kitu kikianguka, mama akisema "Yawa!" kwa sauti ya chini. Taa zikarudi. Mashine ikakataa. Tukazima tena, tukawasha tena. Kila mara alikuwa anauliza, "Imekubali?" nami nikijibu, "Bado, mama," hadi nikaona haya kulijibu swali lile.

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kishimo. Dukani nimeona watu wakichokonoa kishimo nyuma ya vifaa kama hivyo kwa sindano, na kifaa kikaamka. Nikamweleza mama. Alitafuta sindano yake ya kushonea, akauliza kama haitamrusha na umeme. Nikamhakikishia kuwa haitamrusha. Akabonyeza. Nilimwambia ashikilie. Akashikilia, na kupitia ukutani nilimsikia akiomba kwa Kijaluo, kwa haraka haraka, kama mtu anayevuka mto uliofurika.

"Zimezima zote," akasema.

Zilipowaka tena, simu ya shemeji nayo ikakatika. Nyumba nzima ikabaki bila mtandao.

Tulimpigia kijana aliyeifunga. Akasikiliza, kisha akauliza, "Mlibonyeza kile kishimo?"

"Ndiyo."

"Sasa bwana, hapo setingi zetu zote zimefutika. Na mimi niko Homa Bay. Nitakuja Jumanne."

Nilikaa kwenye kiti kilichotazamana na kochi, padi mikononi, nisijue niiweke wapi. Shemeji hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Simu yake ikalia. Alikuwa yule mwenzake wa Kitale, akisema wameanza na wamemweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Shemeji akacheka kicheko kizuri kabisa, akamtakia ushindi, akakata. Kisha akaniinamia, akanong'ona.

"Shemeji, huu mguu unaunga vibaya."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Daktari ameniambia. Mfupa umepinda. Itabidi wauvunje tena ndipo waunyooshe." Alikuwa akiitazama runinga iliyoandika kuwa hakuna mtandao. "Nikicheza na wale jamaa, kelele zao zinanisahaulisha. Leo ndiyo nilikuwa nazitaka sana."

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia lini?"

Akageuza macho kuelekea chumbani. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo na mama alikuwa bado mle ndani, akisubiri na sindano yake, hajui kwamba tumemaliza.

"Imekubali?" akaita.

"Imekataa, mama," nikasema. "Pole."

Akatoka na vumbi kwenye kitambaa cha kichwa. Akamtazama mwanawe, akasema kwa huzuni, "Labda ni mimi nilishika vibaya." Neno la mguu sikuwa na ruhusa ya kulisema, na la rauta nilishalisema likaisha. Nikaaga kabla jua halijashuka, kwa sababu mkwe halali ukweni.

Kijana wa mtandao alikuja Jumatano, si Jumanne. Alirudisha setingi, akaweka pasiwadi mpya, na mashine ikashika mara moja. Alisema rauta ile hubeba vifaa vichache tu, na ilikuwa imejaa. Mama alikuwa amewapa pasiwadi wanakwaya wote, wakawa wanakaa kando ya ua wakisikiliza nyimbo kwenye simu zao. Hakuna aliyewahi kumuuliza amempa nani.

Habari ya mguu shemeji alimwambia mama yake mwenyewe, jioni ile ile niliyoondoka. Mke wangu alinisimulia kwamba mama hakulia. Aliuliza tu kwa nini mkwe amejua kabla yake.

Siku ya upasuaji, hospitalini Homa Bay, mke wangu alienda kununua dawa, nikabaki kwenye benchi na mama. Tuliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Watu walipita, wakaona nafasi, wakataka kuketi, kisha wakatutazama na kuendelea. Muuguzi akaja akasema wameshaanza.

"Ndiyo wanauvunja sasa?" mama akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni.

"Nadhani ni sasa, mama."

Akavuta leso yake, akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Kutoka pale tulipokaa hakuna kitu kilichosikika, ila mtu akisukuma kitanda cha magurudumu mwisho wa korido. Nilitaka kumwambia kwamba hutasikia chochote, mama, shusha mikono. Lakini alikuwa ameziba masikio, na kumgusa bega siwezi. Nikakaa vile vile, nikimtazama, hadi mke wangu aliporudi.