Siku Niliyomwitia Mgambo Mtani wa Babu

Jamani, tangu Jumamosi nikisikia sauti za majirani nazunguka nyuma ya nyumba, na hili naliandika tu kwa sababu nisipoliandika litanikaba.

Tulikuwa kwenye matanga ya Babu, hapa kwetu Itetemia, na mimi (ambaye nikiulizwa jina darasani natazama viatu) nilikuwa nimejibanza mlangoni nikililinda kwa macho koti la Babu kwenye msumari, lile la kijivu alilokuwa akinifunika nikisinzia, maana kikao cha ukoo kilikuwa hakijaamua apewe nani na nilikuwa nalitaka kuliko kitu chochote. Mara mzee mmoja nisiyemjua kaingia, hakusema neno, kalitungua, kalivaa, katoka.

Mtu mwenye akili angesema, "Shikamoo, samahani, wewe nani?" Mimi nikaona aibu, nikaona afadhali nikaite mgambo ofisi ya mtaa.

Tuliporudi, mzee yuko katikati ya uwanja, anakohoa kama Babu, anawafokea wapishi kama Babu, na watu mkekani wanacheka huku wanafuta machozi. Hapo ningeweza kukimbia. Mgambo akauliza, "Mtuhumiwa yuko wapi?" nikanyoosha kidole, na (sijui pepo gani lilinipanda) nikaanza kuhutubia.

"Kwa mujibu wa sheria, wizi ni kuchukua mali bila ridhaa ya mwenyewe."

"Sawa, wakili," mzee akajibu. "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Ame... amefariki."

"Mwite basi aje atoe ushahidi!"

Uwanja ukalipuka. Katika kujiokoa nikataja hukumu tuliyopewa kuichambua kwenye klabu ya sheria shuleni, ya mtu aliyeswaga ng'ombe wa jirani kule Choma akashtakiwa kwa wizi, bila kujua kwamba mwalimu wa klabu yuko nyuma yangu, kaja kutoa pole na nusu ya darasa letu.

"Hiyo hukumu uliisoma mpaka mwisho?" akauliza.

(Bando liliniishia ukurasa wa pili.)

"Aliachiwa, mwanangu. Mahakama ilikubali kwamba aliamini kwa dhati ng'ombe ni wake, na anayeamini hivyo hana nia ya kuiba."

"Hata mimi naamini kwa dhati!" mzee akadakia. "Mimi Mgogo! Hawa Wanyamwezi walikatiza kwetu na misafara yao, wakakausha visima vyetu, ushuru hawakumaliza. Koti hili ni la maji!"

Mtani! (Msibani kazi yake ndiyo hiyo, kuvaa vya marehemu na kumwigiza, hata mtoto wa chekechea anajua, ila mimi nilizoea watani wanaoingia kwa kelele.)

Mgambo akanigeukia. "Binti, umenitoa kwenye chai yangu nije kukamata mtani?"

Mzee akajipa uhakimu papo hapo: koti litaachiwa nikilivaa na kutembea kama Babu mbele ya wote. Koti nalitaka, nikalivaa, mikono ikanimeza, nikainama, nikakohoa, nikamfokea mgambo kwamba anakanyaga karanga zangu. Bibi, ambaye tangu mazishi alikuwa hali wala hasemi, akacheka mpaka kanga ikamdondoka, akasema, "Mwacheni nalo huyo."

Kwa hiyo koti ninalo. Ila nimeapa sitamshtaki tena mtu ambaye sijamwamkia, na sheria hadharani basi, imetosha, isipokuwa leo mwalimu kaandika ubaoni mada ya klabu ya Ijumaa, "Je, mtani anaweza kuwa mwizi?", na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la mzungumzaji, ambaye Ijumaa ataumwa tumbo.