Mlango Mmoja Usio na Kitambaa

Kama kuna siku kazi yangu ilifaulu kupita kiasi, ni Jumamosi iliyopita.

Nimesomea saikolojia, na sioni haya kujisifu. Wenzangu wa shirika la mazingira walifika kijiji cha Matsangoni wakahubiri joto na bahari inayopanda. Watu wakawaitikia kwa heshima, kisha wakarudi kupepea makaa ya mikoko. Mimi sikuhubiri. Najua mtu humtazama jirani. Kila aliyeacha makaa akahamia jiko la udongo linalotumia vijiti vichache, nilimpa kitambaa cha kijani akifunge mlangoni.

"Asiyebadilika msimgombeze," niliwaambia kina mama. "Mwacheni atazame majirani."

Mwezi haukuisha, mtaa mzima ukawa kijani!

Wakubwa wangu wa Kilifi wakataka kuja kuona. Kwa kujidai, nikaahidi kuwapikia pilau mwenyewe. Sasa, pilau bila makaa juu ya kifuniko ni pilau gani? Nikanunua debe moja kwa siri, nikajibanza uani kwenye nyumba niliyopanga hapo mtaani.

Napepea, mara nasikia vigelegele.

"Hodi, mwalimu!"

Walikuwa kina mama, na wakubwa wangu nyuma yao. Walikuwa wamegundua kwamba mlango mmoja tu umebaki mtupu, nao ni wangu, basi wameniletea kitambaa.

Nikasimama na masizi puani, makaa yanawaka chini na juu ya sufuria. Mkubwa wangu mmoja akafungua mdomo.

"Usimgombeze, bwana," Mama Kadzo akamzuia, akikikunja kitambaa taratibu. "Mwache atazame majirani."