Mpishi Aliyempunja Nasra

Mwajuma alikuwa akimpikia mwanawe wa kumzaa, na pale shuleni hakuna aliyejua.

Shule ile ya wasichana yatima iko juu ya mji wa Lushoto, kwenye mteremko ambao ukungu wa Julai hukaa mpaka karibu na adhuhuri. Sharti lake ni moja: binti awe amefiwa na baba na mama. Nasra alifiwa na baba tu. Lakini shamba lao la chai kule Mponde lilishaingia magugu, ada haikupatikana, na baba yake mdogo, Idrisa, akampeleka shuleni akaapa kwamba wazazi wote wawili wako kaburini. Mwajuma akakubali kuzikwa yu hai ili mtoto asome. Muhula haukuisha, moyo ukamshinda. Akapanda Lushoto, akaomba kazi ya jikoni, akapewa. Bahati yao, Nasra alichukua sura ya baba yake.

Anayedhani penye wafadhili pana neema, akalale kule usiku mmoja. Bati la bweni linavuja. Wasichana wanalala wawili wawili, maana magodoro yameoza kwa unyevu na blanketi la mmoja ni jepesi kama kanga. Maharage huletwa yameshatobolewa na fukusi. Wageni wakija, mablanketi manene hutolewa stoo yakatandikwa, na gari lao likianza kuteremka tu, yanakusanywa. Jambo hilo linaudhi kuliko njaa yenyewe. Mwajuma aliyaona yote, akasikia vikohozi vya alfajiri, na kila alfajiri alitega sikio akitafuta kimoja.

Hofu yake kubwa ilikuwa upawa. Aliogopa mkono usije ukamponza, ukamjazia Nasra kuliko wenzake, watu wakaanza kuuliza. Kwa hiyo akawa anauzuia. Wengine walipakuliwa maharage, Nasra akapata mchuzi. Mtoto hakulalamika hata siku moja. Alipokea sahani, akasema ahsante, akapita. Mama mtu akigeuka alilia, akasingizia moshi wa kuni.

Watoto wa bweni wana macho, na njaa huyanoa. Paskalina, aliyelala kitanda kimoja na Nasra na kuzihesabu mbavu zake gizani, akaenda ofisini na wenzake wawili. Mkuu wa shule, Mwalimu Beatha, akamwita mpishi, akamwita na Nasra.

"Shikamoo mwalimu," Paskalina alisema. "Sisi hatumsingizii mtu. Kila siku Nasra anapunjwa. Huyu mama anamchukia."

"Mama Mwajuma, ni kweli?"

"Ni kweli nampunja."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

Mwalimu Beatha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuomba mabati kila mwaka. Alimtazama mpishi, akauliza taratibu, "Wewe una mtoto?"

Mwajuma alitazama sakafu. "Sina."

"Basi ndiyo maana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Akavuta pumzi. "Kazi sikunyang'anyi. Ila utamwomba radhi huyu yatima, hapa hapa, mbele ya wenzake."

Mwajuma alishukuru kimoyomoyo. Kazi imebaki, mtoto amebaki, na yeye kudhalilika ni kitu gani? Akakusanya kanga yake, akaanza kupiga magoti.

Nasra alikuwa ameyavumilia yote: baridi, mchuzi mtupu, kumwita mama yake mpishi. Hili hakuliweza. Nyumbani kwao mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mama, na mama ndiye anayeitoa. Mtoto anayesimama wima mama yake amempigia magoti, huyo laana anaijenga kwa mikono yake. Kabla goti la Mwajuma halijagusa sementi, la Nasra lilikuwa limeshagusa. Akamshika mama yake miguu.

"Usiniombe," alisema. "Niwie radhi mimi. Mwalimu, huyu ndiye aliyenizaa."

Paskalina alijiziba mdomo. Mwalimu Beatha akakaa kitini polepole.

"Mama Mwajuma, nijibu vizuri," alisema. "Nje ya lile geti nina mabinti wanaosubiri, hawana hata mzazi huyo mmoja. Huyu mtoto ni wako?"

Nafasi ya kukana ilikuwepo. Angeweza kusema binti ana homa, anaweweseka, na mwalimu pengine angependa kuamini. Mwaka mzima ulimi wake ulikuwa umefanya kazi hiyo bila kuteleza. Mikono ya Nasra ilikuwa imemkamata vifundoni, baridi, imekonda, haitaki kuachia.

"Ni wangu," alisema Mwajuma, na kwa neno hilo akamtoa mwanawe shuleni.