Pizza ya Doriani, Kutoka Riyadh Hadi Kandara

Safari hii ilianzishwa na simu ya Wekesa, Mkenya wa Bungoma tuliyewahi kukaa naye chumba kimoja hapa Riyadh. Sasa yuko Jidda, anaosha vyombo katika mkahawa wa pizza mtaa wa Kandara.

"Bro, Wachina wa mjengo wanataka pizza ya doriani," aliniambia. "Bosi amesema wakifurahi Ijumaa, mimi naingia kwa oven. Wakikataa, nabaki kwa sinki. Na huku doriani mafi, hakuna kabisa, nimetafuta kila duka."

Nilicheka. Wachina hao zamani walikuwa wakiupita mkahawa ule kama mwanamume anavyopita duka la kanga. Siku hizi wanajaza meza kila Ijumaa, wanaagiza pizza za kila aina, wanaziweka katikati na kila mtu anachota ya mwenzake. Kwao, anasema Wekesa, ndiyo mtindo sasa, na doriani juu yake. Mimi mtu wa Unguja, tunda hilo nimelila tangu utotoni, na miguu huniwasha nikikaa mji mmoja mno. Nikaomba ruhusa kwa bosi wangu.

Alhamisi alfajiri nilikuwa kituoni na doriani zima, miba yake yote, nililolinunua mtaa wa Sulimaniyah kwenye duka la Wafilipino. Nililifunga mifuko juu ya mifuko, nikalitia ndani ya boksi.

Kabla ya kufika mji wa Taif, mifuko ilishindwa na harufu. Msudani aliyekaa mbele yangu aliitazama miguu ya jirani yake kwa muda mrefu. Dereva, Mmisri, alisimamisha basi jangwani akatafuta bomba la gesi lililopasuka. Mimi niliutazama mchanga kwa unyenyekevu mkubwa.

Jidda niliingia jioni. Wekesa alinipokea, akalinusa boksi, akarudi nyuma.

"Wee! Hii kitu ilikufa lini?"

"Halijafa. Limeiva. Ndiyo harufu yake."

"Nyinyi watu wa visiwani mna shida."

Ijumaa nilimwachia doriani nikaenda kuswali. Niliporudi, Wachina walikuwa wameshaletewa pizza yao. Mzee wao, msimamizi wa mjengo, alitafuna, akanusa, akakiweka kipande chini.

"Doriani mafi!" alisema kwa Kiarabu cha mjengoni. "Limao!"

Bosi akageuka kumtafuta Wekesa. Nilimwahi jikoni, nikakuta bakuli la maji ya limao na chumvi, na nyama ya doriani inaelea humo.

"Umefanya nini?"

"Nimeiosha, bro. Kama matumbo. Nyumbani matumbo tunayaosha mpaka harufu iishe."

"Harufu ndiyo wanayoilipia, we mwana wa watu!"

Bahati yake, malimao yalimwishia njiani. Vipande vichache havikuwa vimeguswa na maji. Wekesa alijifunga kitambaa puani, akavipanga juu ya jibini, akaitia pizza ndani ya oven. Ilipotoka, bosi alikimbilia barabarani. Wachina walipiga makofi. Mzee wao akakata kipande cha kwanza, akamwekea Wekesa kwenye sahani kwa mikono miwili. Hiyo ni heshima ambayo mtu haikatai.

Wekesa alinitazama kama mbuzi anavyoitazama Idi. Akatafuna. Akameza. Akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Tamu sana, mzee."

Bosi, amesimama mlangoni na pua mkononi, akasema, "Halas, basi, Wekesa. Kesho oven yako."

Jumamosi nilipanda basi kurudi. Wekesa alinisindikiza akitembea kama mwenye mkahawa, ingawa alikuwa bado anatafuna bizari tamu kuusafisha mdomo. Nimejifunza kwamba mpishi hupikia pua za wengine, na kwamba mtu wa bara haachwi peke yake na doriani. Nilijifunza na la tatu, lililoniuma: nililivusha tunda lile jangwa zima, na wale Wachina hawakuniachia hata pa kulamba. Riyadh nilifika nikiwa nanusa mkono wa shati langu.