Koti la Kutokea Bafuni

Wifi yangu Anastazia ana koti la taulo, jeupe, refu hadi vifundoni. Hapa Sepuka makoti ya namna hiyo si ajabu. Tunayanunua mnadani kwenye mitumba, na wanaume wanayavaa wakichunga ng'ombe asubuhi za baridi. Lake hakulinunua kwa ajili ya baridi.

Alilinunua mwaka ule mwanawe Michael alipopiga simu kutoka Mwanza kwamba ameoa, na Krismasi angemleta mkewe. Wifi alipiga vigelegele, kisha akawa anatazama bafu lao. Bafu liko ng'ambo ya uwanja, na uwanjani ndipo kaka yangu Yohana, mume wake, anaposhinda. Kwetu mkwe hapiti mbele ya baba mkwe na kanga imemganda mwilini. Ikitokea, mzee anageuza uso.

"Sasa atapita wapi mtoto wa watu?" aliniuliza.

Basi tukaenda mnadani. Jamani, wifi yangu anavyochagua! La waridi alilikataa, eti jepesi, linaonyesha. La bluu halikuwa na mkanda. Hili jeupe alilinusa, akalivuta kwapani aone kama mshono umelegea, halafu akanivika mimi mbele za watu, kwa kuwa kwenye picha ya simu huyo mkwe, Joyce, alionekana mrefu kama mimi. Vijana wa mitumba wakacheka.

"Wifi, umenigeuza msumari wa kutundikia nguo!" nikamwambia. Yeye alikuwa anapima mikono ya koti.

Krismasi hawakuja. Pasaka likizo ilikataliwa. Mwaka uliofuata Joyce alikuwa mjamzito, safari ndefu. Kila wakisema wanakuja, wifi analifua koti, analianika, analitundika nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nakasirika kwelikweli. Mtoto gani huyu asiyeijua njia ya kwao? Lakini kaka ndiye aliyekuwa mgumu kutushinda wote. "Huyo ameshapotea," alikuwa akisema. "Ligawe hilo koti." Wifi anaingia jikoni, analia, anasingizia moshi.

Juni hii Michael akapiga tena. Labda mwakani, mama. Wifi aliiweka simu chini, akalichomoa koti pale mlangoni.

"Nalivaa mwenyewe! Au nisubiri panya walivae?" Akabeba ndoo, akaenda kuoga.

Kaka ndiyo kwanza anarudi kutoka zizini. Akakaa uwanjani na ungo wake wa alizeti, nami nikakaa karibu yake. Macho yake siku hizi yana ukungu, anaona weupe na weusi tu. Mara wifi akatoka bafuni, mkanda umefungwa, kichwa amekifunika kitambaa. Kaka akainua uso. Alisimama ghafla hata ungo ukapinduka, akavua kofia, akageukia ukutani.

"Flora!" akaniita. "Mbona hamkuniambia mkwe amefika?"

Kaka akabaki vilevile, kofia mkononi, anasubiri shikamoo.

"Ni mimi, baba Michael," wifi alisema.

Kaka hakugeuka upesi. Aliipapasapapasa ile kofia, akaivaa.

"Kalivue," alisema. "Lifue, ulirudishe mlangoni. Asije akalikuta limechakaa."