Mdai Udongo wa Kilnashee

Siku ya Jumamosi hakuna mtu wa kijiji cha Kilnashee aliyefurahi kumwona Dympna Corrigan mlangoni. Siku nyingine walimpenda, kwa kuwa alikuwa mcheshi na mkate wake wa magadi haukuwa na mpinzani. Lakini Jumamosi alikuja kudai udongo.

Udongo wenyewe ulitoka kwenye kaburi la padri wa zamani, nyuma ya kanisa. Mwenye kuumwa jino, koo au jipu alikwenda kwa Dympna, akachotewa kijiko kimoja, kikafungwa kwenye kitambaa cha pamba, akakilalia chini ya mto. Kabla ya Jumapili ulipaswa kuwa umerudi kaburini. Usiporudi, walisema wakubwa, hautamponya mtu yeyote tena, si wewe peke yako. Mama yake Dympna ndiye aliyeshika kijiko kabla yake, na bibi kabla ya mama. Na binadamu ni walewale kila mahali: kukopa harusi, kulipa matanga.

"Bernadette, udongo uko wapi?"

"Jamani Dympna, hata hujakaa! Ngoja nikuwekee chai."

"Chai nitakunywa udongo ukiwa mkononi."

Ndivyo alivyokuwa. Ndiyo maana watu walishangaa kusikia kwamba majira ya kuchipua alimpa Eoghan Tierney mtungi mzima.

Eoghan alizaliwa hapo hapo parokiani, akasoma hadi akawa mtafiti wa dawa Belfast. Alikuja na mvua mabegani, akaketi jikoni kwa Dympna.

"Bi Dympna, usinicheke," alisema. "Dawa nyingi za hospitalini zilianzia kwenye magome ya miti, ukungu na udongo. Kwenye udongo wenu mna bakteria wanaotengeneza sumu ya kuwaua wenzao. Wanapigania chakula, basi. Nataka kuiona hiyo sumu."

"Na mimi nataka kuuona udongo wangu. Utaurudisha?"

"Nitaurudisha. Mwisho wa mwezi wa tano."

Roho ya Dympna haikutulia, lakini bibi yake Eoghan alikuwa hajawahi kuchelewesha kijiko hata mara moja. Akampa. Mwezi wa tano ukaisha. Wa sita nao ukaingia, na mtungi haukurudi.

Hapo ndipo Packie akajikwaruza. Packie alikuwa kaka yake Dympna, kapera mwenye ng'ombe kumi na ulimi mkali, na waliishi nyumba moja. Waya wa miba ulimkata juu ya kifundo cha mguu, na kwa kuwa alikuwa na sukari, mkwaruzo ukageuka kidonda ndugu. Hospitali wakampa dawa, wakaibadilisha, wakaleta nyingine kali zaidi. Wadudu wale walikuwa sugu. Daktari hakuzunguka: kidonda kikiendelea kupanda, mguu utakatwa.

Packie akaulalia udongo. Dympna akaurudisha kwa wakati, akachota mwingine, akaurudisha tena. Kidonda kikazidi kunuka.

"Sababu unaijua," Packie alisema siku moja, mguu ukiwa juu ya kigoda.

"Usianze, Packie."

"Maskini Bernadette unamfukuza kwa kijiko kimoja kama polisi. Yule msomi umemwachia mtungi! Udongo uko Belfast, utaniponyaje mimi hapa?"

Dympna naye alikuwa akiwaza hivyohivyo. Kesho yake alipanda basi la Belfast.

Eoghan alipomwona mlangoni mwa maabara aliona haya mpaka masikioni. Hakujitetea. Akafungua jokofu, akautoa mtungi, umepungua kidogo.

"Ni wenu," alisema. "Niliahidi nikavunja. Chukua."

"Umeipata sumu yako?"

"Yupo bakteria mmoja anayenitia matumaini. Lakini anadeka, nje ya udongo wake anakua kwa shida. Bado namhitaji."

"Nikiuchukua huu, hutapata mwingine. Watu hawatakubali tena."

"Najua."

Dympna akaukumbatia mtungi. Ulikuwa baridi. Akauliza swali lililomleta hasa. "Na dawa yenyewe lini?"

"Mambo yakienda vizuri, miaka kumi. Pengine zaidi. Na nyingi hufia njiani, Bi Dympna. Unakuta inaua wadudu na figo pia."

"Packie hana miaka kumi. Mguu wake hauna hata mwezi. Siwezi kumpaka huu huu?"

"Ukimpaka kidondani utamuua. Humu wamo wazuri na wabaya, wamechanganyika."

Alikaa kwenye kiti kirefu cha maabara, miguu haifiki chini. Akiurudisha udongo, Packie angelala na matumaini, na pengine matumaini nayo ni dawa. Akiuacha, angekuwa amemnyang'anya ndugu yake kitu pekee alichokiamini, kwa ajili ya wagonjwa ambao hata hawajazaliwa. Nani anaweza kupima hayo? Mama yake hakumfundisha. Mwishowe aliuweka mtungi mezani.

"Endelea," alisema, na sauti yake haikuwa ya upole hata kidogo.

Alilia ndani ya basi, akafika nyumbani akasema ukweli. Packie akageukia ukutani. Hakusema naye neno mpaka siku alipopelekwa hospitali, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Alipozinduka, Dympna alikuwa kando ya kitanda. Packie aliangalia pale blanketi lilipolala bapa.

"Umepelekwa wapi?"

"Sijui, Packie. Nisamehe."

Packie akalivuta blanketi mpaka kifuani. Kisha akasema, "Mwambie yule kijana wa Tierney aje achukue wale wadudu wa kidonda changu. Wameshiba nyama yangu bure, sasa na wao wakafanye kazi."

Hospitali wakaridhia, Packie akatia saini mwenyewe.

Majani yalikuwa yameanza kuanguka Eoghan alipokuja Kilnashee na picha. Ilionyesha kisahani kilichotandwa na wadudu kama utando juu ya uji, na katikati tone dogo. Kulizunguka tone hilo palikuwa na duara safi.

"Hawa ndio wangu?" Packie aliuliza.

"Ndio, Mzee Packie. Na hilo tone ni la yule bakteria wa udongo wenu."

"Na hapa peupe?"

"Wamekufa."

 Dympna alikuwa amesimama jikoni na birika mkononi, hawezi kumtazama ndugu yake usoni.

"Kwa hiyo ungepona," Packie alisema taratibu. "Mguu wangu."

"Kwenye kisahani wamekufa. Ndani ya mtu, bado sijui. Sitaki kukudanganya."

Packie aliisogeza picha karibu na macho, akaiangalia weee. Dympna alisubiri laana yake, na aliona ni haki yake kuipata.

"Miaka kumi, ulimwambia huyu?"

"Labda."

Packie akafunua blanketi, akautazama mguu wake wa kulia, akaufunika tena vizuri.

"Basi kazana, mwanangu," alisema. "Nimebakiza mmoja tu."