Hodi Tatu

Kila nikipita sokoni Darajani nikasikia harufu ya asumini mbichi, wivu wangu wa utotoni hunirudia.

Muuguzi aliyempokea mdogo wangu hospitali alikuwa amebana asumini ndani ya mtandio. Mdogo wangu alikuwa amevunjwa mkono na baba yetu wa kambo. Tuliwekwa pamoja na mama katika chumba chenye mkeka na midoli. Muuguzi akavua viatu, akakaa mkekani, mbali kidogo na sisi.

"Hodi, mwanangu," akamwambia. "Nataka kuuona mkono. Usiponiitikia, siingii."

Mdogo wangu akageukia ukuta. Muuguzi akapiga hodi ya pili, na ya tatu, kisha akaondoka kweli, kama mgeni aliyekosa wenyeji. Baadaye akarudi na juisi ya ukwaju, akaanza upya. Safari hii, kwenye hodi ya tatu, sauti nyembamba ikajibu, "Karibu."

Mama akafuta machozi. Mimi nilinuna. Nilimwonea mdogo wangu wivu hadi roho ikaniuma: kwa hodi zile, kwa juisi, hata kwa mkono wake uliovimba ambao kila mtu aliuona. Nyumbani kwetu, nani aliwahi kubisha kabla ya kutushika?

Muuguzi aliponyanyuka kwenda zake, nilipandisha mkono wa gauni langu hadi begani.

"Karibu!" nikamwambia kwa hasira.

Hakunigusa. Aliyatazama makovu ya kuchapwa kwa waya, akavua tena viatu, akakaa mbele yangu.

"Hodi," akasema.